Mikebe ya Chai ya Kijapani ya Mbao na Urushi: Mwongozo Kamili wa Kuichagua, Kuitumia na Kuitunza

Anayetaka kununua chombo cha chai cha Kijapani, kilichokerezwa kwa mbao na kupakwa utomvu wa mti wa urushi, anapaswa kuamua jambo moja kabla hajatazama rangi, nakshi wala bei: je, anataka chombo cha kuhifadhia chai kwa majuma kadhaa, au cha kuandalia chai mbele ya wageni? Wajapani wana vyombo viwili tofauti kwa kazi hizo mbili, na lawama nyingi nilizozisikia kwamba mkebe wa mbao umeharibu chai zilitokana na kukitwisha chombo kimoja kazi ya mwenzake.

Cha kwanza huitwa chazutsu. Ni mkebe mrefu wa duara, wenye kifuniko kirefu cha nje na mara nyingi kifuniko kingine kidogo cha ndani, na kazi yake ni kuhifadhi majani ya chai. Cha pili huitwa natsume. Hiki ni kifupi, mabega yake ni ya mviringo na chini kimebana kidogo, kama tunda la jamii ya kunazi ambalo ndilo lililokipa jina. Ukubwa wa kati, ambao ndio unaotumika zaidi, una kipenyo kinachokaribia sentimita 6.6, na kimo chake hakipishani sana na kipenyo hicho. Natsume hutiwa matcha, yaani unga laini wa chai ya kijani, muda mfupi kabla ya kuandaa chai nyepesi katika hafla ya chai. Chai nzito ina chombo chake cha kauri, na hicho hakimo katika mwongozo huu. Natsume haikuundwa kuzuia hewa kwa muda mrefu. Ukiacha matcha ndani yake kwa wiki mbili, unga utapoteza rangi na harufu yake, na kosa halitakuwa la fundi.

Kuna pia mikebe inayovikwa gamba la mti wa cheri, inayotengenezwa Kakunodate katika mkoa wa Akita. Hiyo ni kazi nzuri sana ya kuhifadhia majani, lakini uzuri wake wa nje unatokana na gamba lenyewe lililosuguliwa mpaka likang'aa, si na urushi, kwa hiyo ukiuziwa kwa jina la urushi, uliza zaidi.

Elewa kilichomo chini ya mng'ao

Huwezi kukagua chombo hiki vizuri bila kujua kilivyotengenezwa, kwa sababu kila hatua ya utengenezaji huacha alama ambayo jicho na kidole vinaweza kuitambua.

Mbao zinazotumika sana ni za miti migumu ya Japani, kama ile ambayo Wajapani huiita keyaki, yenye mistari iliyo wazi, na tochi, iliyo nyeupe na laini zaidi. Fundi huzikereza kwanza kwa ukali, akiacha ukuta mnene, kisha huzikausha kwa muda mrefu na kuziacha zitulie kabla ya kuzikereza mara ya mwisho. Kukereza huku kwa awamu mbili ndiko kunakoamua kama kifuniko kitaendelea kukaa vizuri baada ya miaka kumi. Mbao iliyoharakishwa hujipinda, na hakuna rangi inayoweza kuzuia mbao kujipinda.

Mji unaosifika zaidi kwa kukereza ni Yamanaka, ulioko katika jiji la Kaga, mkoa wa Ishikawa. Mafundi wa huko hufua wenyewe visu vyao vya kukerezea, na hukata mbao kwa kufuata wima wa shina, hivi kwamba mhimili wa chombo unaelekea kule kule mti ulikokuwa ukikua. Mbao iliyokatwa namna hiyo husinyaa kwa usawa zaidi pande zote. Kwa bakuli faida hiyo ni ndogo, lakini kwa chombo chenye kifuniko ni kubwa mno, na ndiyo sababu ningemshauri mnunuzi wa mkebe wa kwanza aanze kutafuta kazi za Yamanaka.

Baada ya mbao huja urushi. Mti wake hufikia umri wa kugemwa baada ya miaka kumi au kumi na mitano hivi, na katika msimu mmoja wa kiangazi hadi vuli hutoa takriban gramu 200 tu za utomvu. Kwa desturi ya Japani hukatwa baada ya msimu huo, na machipukizi mapya huota kwenye kisiki. Eneo la Joboji katika mkoa wa Iwate ndilo linalotoa sehemu kubwa ya urushi wa Japani yenyewe, ingawa urushi mwingi unaotumika katika karakana za nchi hiyo huagizwa kutoka China.

Utomvu huu haukauki kwa kupoteza maji kama rangi ya kawaida. Ndani yake mna kimeng'enya kinachohitaji unyevu na oksijeni ili kuufanya ugande, na kwa hiyo chombo kilichopakwa huwekwa katika kabati lenye joto la nyuzi 20 hadi 30 hivi na unyevu wa asilimia 70 au zaidi. Tabaka likiwa nene, juu huganda kabla ya chini, nalo hujikunja kama ngozi. Kwa sababu hiyo fundi hupaka matabaka membamba mengi, akisubiri kila moja ligande na kulisugua kabla ya kuongeza lingine. Brashi yake hutengenezwa kwa nywele ndefu za binadamu, na urushi wa tabaka la mwisho huchujwa kwa karatasi ili usibaki na chembe hata moja ya vumbi.

Kuna njia mbili kuu za kupaka. Katika ya kwanza, urushi usiotiwa rangi hupakwa na kupanguswa, tena na tena, mpaka mistari ya mbao ionekane kwa kina huku uso ukiwa na mng'ao mtulivu. Katika ya pili, mbao hufunikwa kabisa. Weusi hupatikana kwa kuuchanganya urushi na chuma, ambacho huugeuza kuwa mweusi wote wote, na wekundu kwa unga wa madini ya zebaki au wa oksidi ya chuma. Mji wa Wajima, ulioko pia Ishikawa, ndio kilele cha njia hii ya pili: mafundi wake huimarisha kingo kwa kitambaa kilichogandishwa kwa urushi, na tabaka za chini huchanganywa na unga wa udongo wa mwani wa kale uliochomwa. Tetemeko la ardhi la Noto la tarehe 1 Januari 2024 na moto uliofuata viliangamiza karakana nyingi za mji huo. Anayeagiza kazi mpya kutoka Wajima, au anayepeleka chombo kikarabatiwe huko, awe tayari kusubiri kwa muda mrefu, na naamini kusubiri huko kunastahili.

Juu ya urushi mweusi huweza kuwekwa maki-e, yaani picha zinazochorwa kwa urushi na kunyunyiziwa vumbi la dhahabu au fedha kabla haujaganda, au vipande vya gamba la chaza. Mabwana wengi wa chai, wakifuata ladha ya bwana mashuhuri wa chai Sen no Rikyu (1522–1591), wameithamini natsume nyeusi isiyo na pambo lolote. Ningemhimiza anayeanza afuate njia hiyo hiyo, kwa sababu uso mtupu haufichi kasoro ya mkono.

Kagua kabla ya kulipa

Anza na lebo. Sheria ya Japani ya kuonyesha ubora wa bidhaa za nyumbani hutaka vyombo vipya vieleze mambo mawili tofauti: mwili umetengenezwa kwa kitu gani, na uso umepakwa nini. Tafuta 天然木, yaani mbao halisi, katika sehemu ya mwili, na 漆, yaani urushi, katika sehemu ya uso. Maneno 木粉 na 樹脂 yakionekana pamoja katika sehemu ya mwili, huo ni unga wa mbao uliogandishwa kwa plastiki. ウレタン ni rangi ya uretani. Chombo kinaweza kuwa cha mbao halisi na bado kikapakwa uretani, na muuzaji akakiita "cha mbao" bila kusema uongo. Kwa mwanafunzi wa hafla ya chai, natsume ya plastiki ni chombo cha kujifunzia kisicho na aibu yoyote, mradi bei yake iwe ya plastiki.

Neno カシュー linastahili kuelezwa kwa wasomaji wa Afrika Mashariki. Ni rangi iliyobuniwa Japani kutokana na mafuta ya ganda la korosho. Mti wa urushi, mkorosho na mwembe ni wa familia moja ya mimea, na mafuta yale yanayowachoma mikono wabanguaji wa korosho Mtwara na Lindi yana kemikali zilizo karibu mno na zile za urushi. Rangi hii huganda bila kabati la unyevu, hufanana sana na urushi kwa macho, na ni ya bei nafuu. Si kitu kibaya, ila si urushi, na haipati kina kile kile kadiri miaka inavyopita.

Ikiwa chombo ni cha zamani na hakina lebo, kichukue mkononi. Mbao nyembamba iliyopakwa urushi ni nyepesi kuliko macho yanavyotarajia, na haina ubaridi ule wa plastiki inapoguswa mara ya kwanza. Kiinue dhidi ya dirisha na kukigeuza taratibu: mwanga unapaswa kuteleza juu ya bega bila kuvunjika wala kutetemeka. Tafuta mstari mwembamba unaopanda kutoka ukingoni, kwa maana huo huweza kuwa ufa wa mbao iliyo chini na si mkwaruzo wa juu. Tazama pia chini ya chombo na ndani ya kifuniko, mahali ambapo kazi ya haraka huacha vumbi lililonasa au tone lililotiririka. Ukiona mstari wa mshono wa kalibu, hiyo ni plastiki.

Kisha jaribu kifuniko, na hapa usiwe na haraka hata kidogo. Katika chazutsu nzuri, kifuniko hushuka kwa ulaini, na kidole husikia hewa ikisukumwa nje kabla hakijafika mwisho. Kukifungua kusihitaji nguvu wala kuzungusha. Kifuniko kinachocheza pembeni kinapitisha hewa, na kinachokwama leo kitakwama zaidi hali ya hewa ikibadilika. Katika natsume, kifuniko kinapaswa kuinuka kwa vidole vya mkono mmoja bila kuubeba mwili pamoja nacho.

Pale ambapo mistari ya mbao inaonekana, fanya jaribio moja zaidi. Geuza kifuniko polepole mpaka mistari yake iungane na ya mwili. Katika kazi bora, sehemu hizi mbili hutoka katika gogo moja na mistari huendelea bila kukatika. Uzuri si sababu pekee ya mpangilio huo. Hakuna mbao inayobaki duara kamili; baada ya muda huwa yai kidogo, na mwili na kifuniko vikielekezwa upande mmoja huwa yai kwa namna moja na kuendelea kukaliana. Kwa hiyo kila unapofunga mkebe wa aina hii, urudishe kwenye mpangilio huo huo.

Siku za mwanzo

Chombo kipya huwa na harufu ya urushi, kali na yenye uchachu fulani, na chai huivuta harufu hiyo upesi. Kifungue, ukiweke kivulini mahali penye hewa, mwili na kifuniko mbalimbali, na uwe na subira. Wajapani wengi hukifukia chombo ndani ya mchele mkavu kwa siku kadhaa, na njia hiyo inafaa pia kwetu, maana mchele haukosekani jikoni. Baada ya hapo kijaze majani ya chai ya bei ndogo, yale usiyokusudia kuyanywa, ukifunge kwa siku chache, kisha uyatupe. Rudia mpaka majani yanapotoka yawe na harufu ya chai peke yake.

Urushi ulioganda sawasawa hauna madhara ya kawaida kwa ngozi. Hata hivyo, mtu anayewashwa na utomvu wa embe au aliyewahi kudhuriwa na mafuta ya ganda la korosho asikishike kwa muda mrefu chombo kilichotoka karakana majuzi, na anunue kilichokwisha kukaa miezi kadhaa.

Kutia chai na kuitumia

Kwa chazutsu, tia majani makavu pekee, na uchague aina moja ya chai kwa kila mkebe. Chai iliyochanganywa na iliki, mdalasini au karafuu isiingie kabisa katika mkebe unaotaka kuutumia baadaye kwa chai ya kijani, kwa kuwa harufu ya viungo hukaa ndani kwa muda mrefu na haiondoki kwa kupangusa. Chai ya punje ndogo ndogo, kama nyingi zinazouzwa Kenya na Tanzania, huingia kati ya kifuniko na mwili na kusugua urushi kila unapofunga. Ukiitia, pangusa ukingo kwa kitambaa kila mara. Usijaze chai ya miezi sita. Jaza unayoweza kuimaliza ndani ya mwezi mmoja au zaidi kidogo, na iliyobaki iache katika pakiti yake iliyofungwa vizuri. Mkebe unapobaki nusu tupu, hewa iliyomo huendelea kuichakaza chai, kwa hiyo mkebe mdogo unaojazwa mara kwa mara ni bora kuliko mkubwa.

Chota kwa kijiko cha mwanzi au cha mbao, kamwe si cha chuma, na usikigonge ukingoni ili kudondosha majani. Zaidi ya yote, usifungue mkebe juu ya birika linalofuka. Mvuke huingia ndani mara moja, na kifuniko kikifungwa hubaki humo pamoja na chai.

Natsume ina taratibu zake. Chekecha matcha siku ile ile ya kuitumia, kwa sababu unga huu hujishika na kufanya madonge. Uutie kidogo kidogo katikati ili uwe kilima, usijaze zaidi ya theluthi mbili, na usiutikise wala kuusawazisha. Kilima hicho mgeni atakiona kifuniko kitakapoinuliwa, nacho ni sehemu ya heshima anayopewa. Kwa chai nyepesi ya mtu mmoja, gramu 2 hivi zinatosha, ambazo ni kama kijiko kimoja na nusu cha mwanzi. Mwenyeji hupangusa juu ya kifuniko kwa kitambaa cha hariri kilichokunjwa, kwa mkono mwepesi, kabla ya kufungua. Wageni wakiomba kukitazama chombo, huvua pete na saa, kisha hukiinua kidogo tu juu ya mkeka. Desturi hii ningependa ifuatwe hata nyumbani kwa mtu asiyefanya hafla yoyote, kwa kuwa pete ndiyo adui wa kwanza wa urushi. Wageni wakiondoka, toa unga uliobaki siku hiyo hiyo.

Kusafisha

Ndani, pangusa kwa kitambaa laini kikavu cha pamba au karatasi laini, basi. Unga wa matcha ulionasa kwenye kona huondolewa kwa brashi laini. Ukilazimika kutumia maji, lowesha kitambaa, kikamue mpaka kisidondoshe, pangusa mara moja, kausha papo hapo kwa kingine, kisha acha mwili na kifuniko wazi kivulini usiku kucha kabla ya kutia chai tena. Usikiloweke, usikisugue kwa steeliwaya wala sabuni ya unga, usikitie katika mashine ya kuoshea vyombo wala ya mikrowevu. Dawa za kutakasa mikono zenye spiriti zikae mbali, hasa penye maki-e. Nje, alama za vidole huondoka kwa kitambaa kikavu na pumzi ya mdomo.

Usipake mafuta, nta wala dawa ya kung'arisha fanicha. Mng'ao wa urushi huzidi kwa kushikwa na kupanguswa, na tabaka lake la kahawia huzidi kuwa angavu kadiri miaka inavyokwenda, hata wekundu uliopakwa chini yake, pale ulipo, ukaanza kuchungulia.

Mahali pa kukiweka

Jua la moja kwa moja huharibu urushi kuliko maji. Miale yake huuvunja uso, ukapoteza mng'ao na kuwa wa kijivujivu, na hali hiyo hairudi nyuma kwa kupangusa. Kwa hiyo rafu iliyo mkabala na dirisha haifai hata ikipendeza namna gani.

Ukavu nao ni hatari, hasa kwa mbao iliyo ndani. Katika nyumba zenye kiyoyozi kinachofanya kazi mchana kutwa, kama zilivyo nyingi za Ghuba, au zenye mitambo ya kupasha joto wakati wa baridi huko Ulaya na Amerika ya Kaskazini, weka glasi ya maji ndani ya kabati moja na chombo. Usiweke pakiti za kunyonya unyevu ndani ya chombo chenyewe, na usikihifadhi kwenye jokofu. Mwambao wa Afrika Mashariki hali ni kinyume chake: urushi hufurahia unyevu wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, ila chai haiufurahii, na ukungu huweza kuota ndani ya chombo kilichofungwa kikiwa tupu kwa miezi. Huko, chombo kisichotumika kifunguliwe na kupigwa upepo kivulini mara kwa mara, hasa wakati wa masika.

Chombo cha thamani huja na kisanduku cha mti wa kiri chenye maandishi ya fundi. Kitunze kisanduku hicho kama chombo chenyewe, kwani mbao yake hupunguza mabadiliko ya unyevu na maandishi yake ni ushahidi wa asili ya kazi. Funga chombo kwa kitambaa laini cha pamba au hariri kabla ya kukirudisha humo.

Kikipata dosari

Kifuniko kikikwama, usikipige wala kukizungusha kwa nguvu. Kiweke chombo kizima mahali penye kivuli na hali tulivu kwa siku chache. Mara nyingi mbao hurudi na kifuniko huachia chenyewe. Mikwaruzo midogo iache ilivyo. Urushi ukimeguka na mbao ikaonekana, acha kukitumia mara moja ili unyevu usipenye chini ya tabaka zinazozunguka jeraha, na usijaribu kuziba kwa vanishi, rangi ya kucha wala gundi ya kukauka haraka, kwa kuwa fundi atalazimika kuvikwangua vyote, pamoja na urushi mzima ulio jirani, kabla hajaanza kazi yake. Urushi mbichi usiuguse bila glavu, na asiyefunzwa asiufanyie majaribio nyumbani.

Karakana nyingi za Japani hupokea vyombo vya kukarabatiwa na kupakwa upya. Piga picha nne kwenye mwanga wa kivulini: chombo kizima, jeraha kwa karibu, sehemu ya chini, na maandishi ya kisanduku. Zitume kwanza kwa karakana iliyokitengeneza au kwa duka lililokuuzia, ukieleza ni lini dosari ilionekana na kama chombo kiliwahi kulowa, na usikisafirishe mpaka umejibiwa. Kikisafirishwa, mwili na kifuniko vifungwe kila kimoja katika kitambaa chake, na kati yao kuwekwe karatasi laini, ili kingo zisigongane njiani.